Mkasi Wenye Homa

Fundi cherehani alikuwa na tabia moja: kabla ya kukata kitambaa, aliupulizia mkasi. Alimwona marehemu mama yake akifanya hivyo, naye akaiga bila kuuliza. Lugha ya mama hakuirithi. Mama aliwalea wanawe kwa Kiswahili, na habari za kwao hakuzisema.

"Mama, mkasi una homa?" binti yake alizoea kumtania. Lakini wiki hiyo mteja alichukua kitambaa chake akaondoka, akisema hataki kurogwa, na utani ukaisha ladha. Fundi akaahidi kuacha. Zamani majirani walimwita mama yake punguani kwa jambo hilohilo, naye sasa alianza kuwaamini.

Jumapili binti alipata kwenye simu filamu ya lugha ya bibi yake, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Wakaiegemeza simu kwenye cherehani, wakatazama. Ndugu walikuwa wakigombea shamba. Pembeni yao mwanamke mzee alitandaza kitambaa, akashika mkasi, akaupulizia, akakata. Ugomvi uliendelea, hakuna aliyegeuka kumshangaa.

"Hebu rudisha nyuma," fundi alisema.

Binti akarudisha. Mzee akapulizia tena.

"Kumbe bibi hakuwa punguani."

"Alikuwa na kwao," fundi akajibu, akafuta miwani.

Kesho yake mteja mwingine alimkuta binti akiupulizia mkasi, akacheka. "Unaupoza?"

"Hapana, shangazi. Kwetu ndivyo tunavyokata."