Kisu Nyuma ya Mgongo

Uongo wa Kadidja ulianza na maziwa, na maziwa yenyewe wala hakuwa akiyapenda.

Nchi ilikuwa imetimiza miaka ishirini ya uhuru. Kadidja alikuwa na miaka kumi na sita, anasoma na kulala bwenini katika shule moja ya Mushasha, pale Gitega, karibu na kanisa kubwa. Alikuwa binti pekee wa Kiislamu darasani, ametoka Muyinga, na kitambaa chake cha kichwani kilitosha kumtangaza kabla hajafungua mdomo. Siku zile ukimwita mtu Mswahili, kule vilimani, hukuwa na maana ya lugha yake. Ulikuwa na maana kwamba ni mjanja, maneno mengi, usimwachie mfuko wako.

Na kama hilo halikutosha, baba yake alikuwa mchinjaji. Mzee Amissi, mwenye bucha karibu na soko la Muyinga, watu wote walimjua. Sasa niambie, katika nchi ambayo ng'ombe huimbiwa nyimbo na kupewa majina ya sifa, msichana gani atasimama mbele ya wenzake aseme, baba yangu ndiye anayemwangusha? Kadidja hakusema. Akiulizwa, alijibu kwamba baba anafanya biashara, kisha anaomba kuazimwa rula.

Mwalimu wao wa lugha, Madamu Ghislaine, alianzisha darasa la kuandika kila Jumamosi mchana. Si zile insha za umuhimu wa usafi, la. Aliwataka waandike vitu vyao wenyewe. Nafasi zilikuwa kumi na mbili tu, na Kadidja alikuwa amepata moja kwa kuomba Mungu na kusumbua watu.

"Niandikieni kitu cha kwenu, kitu cha kweli," Madamu alisema siku ya kwanza. "Na andikeni kwa lugha mnayogombezwa nayo nyumbani."

Kadidja aligombezwa kwa Kiswahili asubuhi, mchana na jioni. Akaandika kwa Kirundi. Akaandika kwamba baba yake ana ng'ombe kumi na wawili kule Buhinyuza, karibu na mpaka, na kwamba kila alfajiri bibi yake humkamua ng'ombe mwekundu aitwaye Bihogo. Aliposimama kuyasoma aliona maneno yamekaa vizuri, mpaka msichana mmoja wa Buraza, Donatienne, akainua mkono.

"Samahani. Nani amekamua?"

"Bibi yangu."

"Bibi! Mwanamke?"

Darasa likaangua kicheko. Lo! Hata mtoto wa vilimani asiyejua kuvaa kaptula anajua kwamba ng'ombe hukamuliwa na mwanamume, mwanamke hashiki chuchu. Kadidja wa mjini angejulia wapi? Kwao maziwa yalikuja mlangoni kwenye chupa yenye kizibo cha jani la mgomba. Masikio yakamwaka moto, na mdomo ukakimbia mbele ya akili.

"Wanaume wote walikuwa wamekwenda," akasema. "Walikwenda na hawakurudi. Ng'ombe alikuwa analia kwa kujaa. Bibi angefanya nini?"

Kicheko kikakatika. Madamu Ghislaine akavua miwani.

"Hapo," alisema polepole. "Hapo ndipo hadithi yako inapoanzia. Andika hiyo."

Basi ndiyo hivyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakumjua Kadidja. Yake ilitoka Oktoba ikaenda mpaka Juni. Kila Jumamosi alitakiwa kuongeza. Bibi alijisikiaje? Majirani walisema nini? Na kila Jumamosi daftari lilirudi na maneno yaleyale pembeni, kwa wino mwekundu: Hapa sisikii harufu.

Yalimuudhi maneno hayo, yalimuudhi mpaka akaota ndoto zake. Alipamba sentensi, akaleta machweo, akaleta umande, akaleta ndege watatu. Sisikii harufu. Siku moja, kwa uchovu tu, akaandika kwamba ng'ombe akikuamini hukupumulia kwenye kifundo cha mkono, pumzi ya moto yenye harufu ya majani yaliyochacha, na kwamba ukimkuna chini ya shingo hushusha kichwa. Hilo hakulitunga. Alikuwa ameliona nyuma ya bucha tangu ana miaka mitano. Madamu alipiga mstari chini yake na kuandika: Hapa nasikia!

Kadidja akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia hofu. Kila kilichokuwa hai katika hadithi yake kilitoka mahali alipokuwa anapaficha. Akaanza kuiba kidogo kidogo kutoka kwa baba: mikono yake, subira yake, jinsi anavyonyamaza. Akavipeleka vyote Buhinyuza kwa bibi wa uongo. Hadithi ikanona, na Kadidja akazidi kukonda kwa wasiwasi. Kufukuzwa darasani hakukuwa hofu yake kubwa. Hofu yake ilikuwa kwamba siku moja baba atajua binti yake amemwonea haya. Mtu aliyemsomesha kwa kila kilo aliyokata!

Likizo ya Pasaka akarudi Muyinga. Baba alimpokea kama kawaida, akamtania kwamba chakula cha shule kimempa shingo ya korongo. Siku ya tatu akamwambia, "Mama, kesho asubuhi njoo na mimi kazini. Umekua, uone mkate wako unatoka wapi."

Hakuwahi kumwalika kazini namna hiyo. Kadidja alikwenda na moyo mzito, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama.

Ng'ombe walikuwa wawili. Baba alimwondoa mmoja na kumzungusha nyuma ya ukuta, ili asimwone mwenzake. Akampa maji. Akamwacha anywe mpaka aache mwenyewe, hakuna wa kumharakisha. Akavua koti lake la kijivu akalitupia begani, na mkono mmoja ukapotea nyuma ya mgongo. Mkono wa pili ulikuwa unakuna chini ya shingo. Ng'ombe akashusha kichwa.

"Kwa nini unakificha?" Kadidja aliuliza baadaye, baba alipokuwa ananawa.

"Kisu? Eh, mama. Munyama asione kisu, ndivyo tumefundishwa. Kufa kunamtosha. Sasa umuongezee na kuogopa, ya nini?"

Alasiri ile Kadidja alijifungia chumbani na daftari jipya. Aliandika kwa Kiswahili, bila machweo, bila ndege hata mmoja, na aliposimama miguu ilikuwa imekufa ganzi. Aliisoma hadithi hiyo mara moja akalia. Kisha akalificha daftari chini ya nguo, maana ilikuwa nzuri, na asingeweza kumsomea mtu yeyote duniani.

Mwisho wa Juni ikaja sikukuu ya wazazi. Wanafunzi wa darasa la Jumamosi wangesoma kazi zao ukumbini. Kadidja hakumwandikia baba kumwalika, akajipa moyo kwamba Muyinga ni mbali na barabara ya Karuzi ni vumbi tupu. Hakujua kwamba Madamu alishaandika. Asubuhi ile alipotoka bwenini alimwona chini ya ngazi: kanzu nyeupe, kofia, koti lile la kijivu, na vumbi la lori mpaka kwenye kope.

Mungu wangu, leo naumbuka, alijisemea. Akataka kukimbia kwenda kumwonya, lakini Madamu Ghislaine alikuwa amewahi.

"Ndiye wewe! Mwenye Bihogo!" Madamu alimshika mkono kwa mikono miwili. "Hujambo mzee? Ng'ombe hawajambo?"

Kadidja alisimama kama mtu aliyekanyaga moto akasahau kuondoa mguu. Baba akamtazama mwalimu, akamtazama binti, akatabasamu.

"Ngombe ziko wazima, madamu. Tunashukuru Mungu."

Baba yake hakuwa mtu wa uongo. Mizani yake pale sokoni watu hawakuitazama hata mara mbili. Na sasa amesimama uani pa shule, na kanzu yake safi, anadanganya.

Wakaketi, na kwa bahati mbaya, au nzuri, tutaona, Mzee Amissi akawekwa karibu na baba yake Donatienne. Huyo alikuwa Sylvestre, mfugaji hasa wa Buraza, na mfugaji akimpata mfugaji mwenziwe hanyamazi. Kadidja alikuwa nyuma yao, anasikia kila neno.

"Huyo Bihogo amezaa mara ngapi?"

"Mara tatu. Wa ine uko njiani."

"Pembe?"

"Ndefu. Imepinda kidogo huku ya kushoto."

Ehee! Kadidja akaanza kupumua. Kumbe mzee anaweza. Kwani si maisha yake yote amekuwa akiwakagua ng'ombe, meno, macho, kwato, minada yote ya Muyinga?

"Ni ng'ombe mzuri basi," alisema Sylvestre kwa upole. Wenye ng'ombe husemezana hivyo, ili kila mmoja apate kumsifu ng'ombe wake mpenzi.

"Muzuri sana!" baba akachangamka, kazi ikampanda kichwani. "Kilo mia na makumi nane, ukitoa kichwa na ngozi."

Sylvestre akabaki mdomo wazi. Wazazi wawili wa mstari wa mbele waligeuka. Mzee Amissi akatambua alichosema, akashusha macho, akaanza kupangusa vumbi kwenye goti ambalo halikuwa na vumbi. Ni kule kupangusa goti kulikomkata Kadidja maini.

Jina lake likaitwa.

Alipanda jukwaani na madaftari mawili, maana lile la Pasaka hakuwahi kuachana nalo. La Kirundi lilikuwa juu, lenye bibi na Bihogo na sifa zote za mwaka mzima. Akalitazama. Akamtazama baba, ambaye alikuwa bado ameinama. Mficha uchi hazai, mama yake alizoea kusema, na Kadidja hakuwahi kuona vizuri neno hilo lina maana gani mpaka dakika ile. Akaliweka la Kirundi chini ya lile jingine.

"Hii ni kwa Kiswahili," alisema. Wachache waliguna. Lakini Kiswahili cha soko kila mtu alikuwa nacho, cha kununulia na cha kukatalia bei, kwa hiyo walisikia wote.

"Baba yangu hana ng'ombe hata mmoja," alisoma. "Wote waliopita mikononi mwake walikuwa wa watu, na wote aliwaaga."

Akasoma juu ya maji na ndoo, na ukuta wa kuwatenga wawili. Akasoma juu ya koti la kijivu na mkono unaokuna chini ya shingo, na pumzi ya moto kwenye kifundo, na kisu kinachongoja nyuma ya mgongo wa mtu asiyetaka kumtisha mnyama. Akasoma mwisho ambao hakuwa ameuandika, ulimjia papo hapo: "Nilisema bibi yangu alikamua ng'ombe. Bibi yangu alikuwa fundi wa kusuka vikapu, hakuwahi kugusa ng'ombe. Mikono niliyoisifu mwaka mzima ni ya baba. Nilimwonea haya, nikamwibia mikono yake."

Alipoketi Sylvestre akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha tumboni, akampiga Mzee Amissi begani.

"Mia na themanini bila kichwa! Nikasema huyu ni mfugaji gani anayempima mpenzi wake kwa kilo? Mzee, mimi nina dume la kuuza. Nikikuletea Muyinga, utampa maji kwanza?"

"Ntamupa," alisema baba.

Hapo makofi yakaja. Donatienne alipiga kuliko wote, halafu akapiga na mluzi, akakaripiwa. Madamu Ghislaine alimjia Kadidja mlangoni na macho mekundu. Kadidja akaanza kuomba msamaha, maneno yakamwagika, Madamu akayasimamisha kwa kiganja.

"Ulinidanganya miezi tisa, hilo tutalizungumza. Lakini leo nimesikia harufu," alisema. "Jumamosi ya kwanza ya Septemba, usichelewe."

Nafasi yake ilikuwa bado yake! Kadidja alihisi kifua kimefunguka kama dirisha, akatoka nje akimtafuta baba.

Alimkuta kwenye ngazi. Wakakaa.

"Umekosea fasi moja," baba alisema. "Umeandika kisu iko mukono wa kuume. Nikikificha, iko kushoto. Kuume ndiyo inamukuna."

Kadidja akatoa kalamu, akafungua daftari juu ya goti, akafuta, akaandika kushoto. Baba alingoja amalize. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne, pembe zimechakaa. Mwandiko ulikuwa wa Madamu, kwa Kirundi kizuri, ukimpongeza mzazi kwa ng'ombe wake kumi na wawili na kwa mama yake shujaa, na kumwalika mapema sikukuu ya wazazi. Juu iliandikwa tarehe: mwezi wa pili.

Kadidja alihesabu kwa vidole. Februari. Machi. Pasaka.

"Ulijua," alisema. "Nilipokuja nyumbani ulikuwa unajua. Siku ile uliyonipeleka kazini ulikuwa unajua! Mbona hukuniambia kitu, baba? Mbona hukunigombeza?"

Mzee Amissi alivua kofia, akaikung'uta vumbi la Karuzi, akaivaa tena.

"Ulishuka ku lori unaogopa tayari," alisema. "Sasa nikuongezee, ya nini?"

Kadidja aliweka kichwa kwenye koti la kijivu akalia, akacheka, akalia tena, na baba akamkuna kidogo nyuma ya shingo, juu ya kitambaa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ng'ombe?" aliuliza baadaye, akipangusa pua.

"Hapana, mama. Ngombe hasemi uongo." Akasimama, akampa mkono wa kumwinua. "Twende tukule. Tangu Muyinga sijatia kitu mu kinywa."