Miaka Kumi Katika Duka la Vioo

"Mimi nilimjibu alichoniuliza," Bi Shao alikuwa akisema, mikono kiunoni, kajaa katikati ya ngazi asipande mtu wala asishuke bila kumsikiliza. "Kapiga simu dukani kutoka chuo, kaniuliza kama nina mfanyakazi anaitwa Tan Yinglu. Nikamwambia sina. Sasa ulitaka nisemeje, Mama Yinglu? Niseme yuko nyuma anakata vioo?"

"Ungesema ndiyo," Mama Yinglu alimjibu kutoka ghorofa ya nne. "Neno moja tu. Hata mtoto anayeota meno analiweza."

"Na wakija kuuliza mbona sijamlipia bima miaka yote hiyo, utashuka wewe kuwajibu?"

Nyumba zile zilijengwa na kiwanda cha chuma cha Loudi kwa ajili ya wafanyakazi wake, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba wa ghorofa ya pili akipiga chafya wa ghorofa ya tano humtakia afya. Kwa hiyo milango ilikuwa wazi yote. Bi Kang wa ghorofa ya pili alikuwa ameacha mboga motoni ili asipitwe na neno, na harufu ya kuungua ilishaanza kupanda, lakini nani angeondoka wakati huo?

Tan Yinglu mwenyewe, aliyekuwa akigombaniwa, alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango wa mama yake akimenya vitunguu saumu. Alilisikia jina lake likipanda na kushuka ngazi kama jina la mtu aliyehama zamani. Alimenya punje moja, akachukua nyingine.

Kisa chenyewe kila mtu pale alikijua, ila hakuna aliyekuwa amekisema kwa sauti kubwa hivyo. Yinglu alipomaliza chuo kikuu, miaka kumi nyuma, mwalimu mlezi wa darasa lao alitangaza kwamba asiye na mkataba wa kazi wenye muhuri shahada yake itasubiri kabatini. Kazi hakuwa nayo. Mama yake akashuka na samaki wawili kwa Bi Shao na mumewe, Bwana Zeng, wenye duka la vioo na fremu hapo chini, na Bi Shao akatoa muhuri kwenye kopo la biskuti, akaupuliza, akaugonga. Chuoni walifurahi mno. Binti alisomea sayansi ya vifaa, vioo vikiwamo, na ameajiriwa palepale kwenye vioo. Alitajwa hata mkutanoni.

Kazi aliyoifanya kweli ilikuwa nyingine. Alifundisha hesabu kwenye kituo cha masomo ya ziada huko Changsha, miaka mitano, asubuhi hadi jioni bila Jumapili. Siku moja walifika wakakuta mlango una mnyororo, na mwenye kituo ameondoka na viti, mashine ya maji na muhuri. Basi kazi aliyoitolea jasho haikuwa na karatasi hata moja, na ile ambayo hakuigusa kwa kidole ilikuwa na karatasi safi yenye duara jekundu.

Tangu hapo alikuwa nyumbani, akisomea mitihani ya serikali. Mwaka wa tano ndipo mambo yalipokaa vizuri. Ofisi ya maji ya wilaya ilitangaza nafasi moja, wakajitokeza watu mia tano na kitu, na yeye akawa wa kwanza kwenye maandishi na wa kwanza kwenye usaili. Kilichobaki ni karatasi ya mwajiri kuthibitisha kwamba amefanya kazi walau miaka miwili, na ilitakiwa kesho saa tatu asubuhi. Mwakani angekuwa amevuka umri wanaoupokea. Mama yake alishawaambia ndugu wa kijijini.

Na asubuhi ya siku hiyo ya ugomvi, kati ya siku zote za mwaka, chuo kikapiga simu dukani kuuliza habari za mhitimu wao.

Ngazini maneno yalimalizika pale moshi ulipotoka jikoni kwa Bi Kang naye akakimbia. Bi Shao alishuka akisema kwamba alipiga muhuri mara moja kwa kumhurumia mtoto, hapigi tena kwa mtu mzima, wamtafute mwingine wa kumtia matatani. Mama Yinglu aliingia ndani, akakaa.

"Shuka wewe," alimwambia bintiye. "Mwite Bi Shao shangazi. Usinune. Chukua na haya machungwa."

Yinglu alinawa mikono, akaikunja ile karatasi ya mwajiri, iliyosubiri muhuri tu, mara nne akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, akachukua machungwa.

Dukani Bi Shao alikuwa peke yake, maana mgongo wa Bwana Zeng ulikuwa umemgomea tangu baridi ianze na siku hizo alikuwa mtu wa kulala chali na kutoa amri. Bi Shao alikuwa amekikumbatia kioo kirefu kumzidi, anajaribu kukitoa kwenye meza, na kwa macho tu akamwonyesha Yinglu pa kuweka machungwa. Hakumfukuza wala hakumkaribisha. Simu ya kaunta ikalia.

"Pokea," alisema kutoka nyuma ya kioo. "Weka sauti ya nje. Kama ni wa madirisha ya shule mwambie kesho."

Haikuwa shule. Ilikuwa sauti ya msichana, ya haraka, ya mtu anayesoma kilichoandikwa. Alisema alipiga asubuhi simu ikakatika, akaomba radhi ingawa aliyeikata si yeye. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, amepewa na chuo majina sitini ya wahitimu wa miaka kumi iliyopita, anawauliza waajiri.

"Mnaye mhitimu wetu Tan Yinglu. Kuanzia moja hadi tano, mnaridhika naye kiasi gani?"

Yinglu aliutazama ukuta. Palikuwa na kalenda ya mwaka juzi yenye picha ya maua.

"Hayupo," alisema.

"Ametoka kidogo?"

"Hajawahi kuja. Hata siku moja."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema hilo kwa mdomo wake. Alingoja kitu kimchome, hakikumchoma. Upande wa pili vidole viliacha kugonga kibodi.

"Dada," sauti ikashuka, ikawa ya mtu sasa, "wewe ni wa tisa leo kuniambia hivyo. Nina mmoja yuko kwenye saluni ya mbwa, na saluni yenyewe imeshafungwa. Nikiandika hajawahi, mwalimu ananirudishia jina, nipige tena mpaka awe na kazi. Niandike tatu? Tatu haimsumbui mtu."

"Muulize kama kuna watu watakuja kukagua," Bi Shao aliita.

"Nani aje, shangazi? Inaingia kwenye jedwali, jedwali linaingia kwenye ripoti, basi. Swali la mwisho. Je, anatumia alichosomea?"

"Andika tatu kote," Yinglu alisema.

"Asante, dada. Mungu akupe." Halafu msichana hakukata. Alisita, akasema yeye anamaliza mwezi wa sita, darasani kwao wenye mikataba ni saba tu. "Hapo kwenu, bado mnapiga muhuri?"

Yinglu alimtazama Bi Shao kupitia kioo. Bi Shao alikuwa ameegemeza shavu kwenye ukingo, anahema.

"Mwenye duka hayupo," Yinglu alisema, akaweka simu chini.

"Njoo ushike huku kabla hakijaniangukia," Bi Shao alisema. "Glavu hizo hapo, usitie mikono mitupu."

Wakakibeba pamoja hadi kwenye fremu, hatua ndogondogo, mmoja mbele mmoja nyuma. Walipokilaza, Yinglu alipitisha kidole cha glavu kwenye ukingo wa chini, akakirudisha.

"Hapa pamemeguka," alisema. "Ukikaza skrubu upande huu, baridi ikiingia kitapasuka chote. Afadhali upasugue kwanza."

Bi Shao aliinama, akavaa miwani, akaona. Alikwenda kaunta, akafungua kopo la biskuti, lilelile, akatoa muhuri na kidau cha wino, akafuta muhuri kwa aproni yake.

"Kumbe hakuna anayekuja," alisema. "Mimi miaka yote hii silali vizuri nikidhani watakuja kukagua. Haya, lete hiyo karatasi."

Karatasi ilikuwa mfukoni. Yinglu aliihisi ilipokunjwa, pembe yake ikimgusa kila aliposogea. Aliiwaza ofisi ya maji, meza yake, kikombe chenye mfuniko, na siku moja, baada ya miaka mingine kumi, simu ya kuuliza, kuanzia moja hadi tano, habari za mtu aliyeingia kwa karatasi ya uongo.

"Nimeisahau juu," alisema.

"Kaichukue basi. Ghorofa nne tu."

Yinglu alivua glavu ya kulia, akaivaa tena. Ngazini sauti ya mama yake iliteremka, ikiuliza kama tayari, kama ameshapigiwa muhuri, na Bi Kang kwenye mlango wake akalirudia swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba yeye ndiye aliyetumwa. Yinglu alichukua jiwe la kusugulia lililokuwa juu ya meza, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza na ukingo wa chini.

Bi Shao aliutazama ule mfuko wa nyuma wa suruali, ambamo pembe nyeupe ya karatasi ilikuwa ikichungulia. Kisha akaurudisha muhuri kwenye kopo, akabana mfuniko, akaingia nyuma ya pazia. Zikasikika sahani, na Bwana Zeng akiuliza kutoka kitandani ni nani anayesugua vizuri hivyo. Harufu ya nyama ya kukaushwa kwa moshi, iliyokaangwa na pilipili na figili kavu, ikatoka hadi dukani. Bi Shao alirudi, bakuli tatu zimepangana mkononi.

"Anayeshika kioo hapa hula hapa," alisema. "Hiyo utaimaliza baadaye. Nawa mikono, Yinglu, uingie ndani tule."