Kadi za Shirembe

Jimbo la Shirembe, pembezoni mwa mji wa Kakamega, lilidumu miaka mitatu. Lilichorwa mwaka wa uhuru, likiwa na nyumba za kupanga za makarani, maseremala na walimu. Wakazi walikuwa maelfu, lakini wapiga kura walikuwa wachache.

Sababu ilijulikana. Siku za kujiandikisha watu walipanda basi wakaenda kwao, walikozikwa babu zao, wakachukua kadi za kura huko. Mtu hakupigia kura mahali anapolipa kodi ya nyumba.

Mwaka 1966 tangazo lilibandikwa: jimbo lenye wapiga kura wachache litavunjwa. Jescah Ayuma, mkunga, alilisoma mara mbili. Shirembe ilikuwa imeahidiwa zahanati yenye wadi ya kujifungulia. Jimbo likivunjwa, zahanati ingekwenda kwingine, naye angeendelea kuzalisha wanawake jikoni kwake, juu ya mkeka. Zilibaki wiki mbili za kuhamisha kadi.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Philemon, karani wa posta, alikuwa uani akinyoa ndevu. Mkewe Khalayi, mwenye mimba ya miezi minane, alimshikia kioo.

"Mama Jescah, umeingia siasa?" Philemon alicheka. "Alama yako ni kuku au jembe?"

"Hamisha kadi, baba. Wewe na mkeo."

"Nina ploti ya kulima niliyogawiwa na serikali kule Mautuma. Wakisikia nina kadi ya hapa, watasema kwangu si kule, na kesho inalimwa na mwingine."

"Na huyu atazaliwa kwenye ploti?"

Khalayi akacheka, kioo kikatikisika. "Mama, usinichekeshe, atajikata!"

"Kwanza, kadi yako wewe ni ya wapi?" Philemon akauliza.

Kadi ya Jescah ilikuwa ya Shianda, kwao alikozaliwa.

Kesho yake aliihamisha. Watu arobaini na mmoja wakamfuata. Hawakutosha. Shirembe ikagawanywa kati ya majimbo mawili, na zahanati ikapelekwa maili tisa kutoka hapo.

Mwezi uliofuata Khalayi alijifungua msichana jikoni kwa Jescah, asubuhi ya mvua. Jescah akachukua karatasi ya kuandikisha mtoto, ya kupeleka kwa chifu.

"Kwao mtoto ni wapi?"

"Mautuma," Philemon alijibu kutoka mlangoni.

"Hajafika Mautuma hata siku moja," alisema Khalayi. "Andika Shirembe."

"Jimbo lenyewe limekufa."

"Mtoto yuko hai. Andika, Mama."

Jescah aliandika, kisha akamnyooshea Philemon karatasi atie sahihi. Philemon aliisoma hadi mwisho. Akaomba kalamu, akatia sahihi.