Nyuki wa Jasho la Pantaleo

Kila asubuhi nyuki weusi, wadogo kuliko inzi, walipita dirishani na kutua kwenye paji la uso la Pantaleo, wakamlamba jasho. Hawana mwiba, hawana neno na mtu. Mbuke, mkewe, aliwachukia hivyo hivyo.

Wenzake walirudi kutoka machimbo ya Runzewe na pikipiki. Yeye, baada ya miaka ya kutwanga mawe ya dhahabu, alirudi Kishapu na kifua kilichojaa vumbi, pamoja na gogo lenye nyuki. Gogo, jamani! Akalitundika nje ya dirisha la chumba chao. Jioni nyuki waliziba kwa nta kijilango chao chembamba, kukicha wakakizibua.

"Wakifungua, na mimi nimeamka," alizoea kusema. Sasa hakuweza tena kuinuka kitandani, na aliwangoja kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Asali yao ni dawa ya kifua, nani asiyejua?

"Baba Loveness, tulipasue hilo gogo."

"Ukilipasua umewamaliza, Mama Loveness. Mvua zikinyesha watajaza. Nitatoboa tundu, nichukue kidogo, nizibe."

Mvua! Kishapu hii ya kwetu, mawingu hupita tu yakienda kunyesha kwa watu wengine. Siku hiyo Pantaleo alikohoa, damu ikabaki kwenye khanga. Mbuke aliogopa. Mchana, mumewe alipopitiwa na usingizi, alilitungua gogo, akalipeleka nyuma ya zizi na kuchukua shoka.

Alipata asali isiyojaza kikombe, nyepesi, yenye uchachu. Vijifuko vya nta vilikuwa vimepasuka, makinda meupe yamemwagika vumbini, na sisimizi wameshafika. Aliyafunga mapande kwa vitambaa, akayakandika udongo, akalirudisha gogo mahali pake. Nyuki walimzonga nyweleni, hakuwapangusa.

"Rudini basi," aliwaambia. "Nawaombeni, rudini."

Kulipokucha, Pantaleo aliuliza kama kawaida, "Wamefungua?"

Mbuke alikuwa ametoka kutazama. Udongo ulikuwa umekauka, na sisimizi ndio waliokuwa wakiingia na kutoka.

"Wamefungua," alijibu.

Pantaleo aliinua mkono, akapapasa paji lake lote polepole, akakitazama kiganja kilicholowa jasho. Kisha akamgeukia mkewe, bila hasira.

"Haya, Mama Loveness," alisema. "Ilete hiyo asali. Isipotee bure na yenyewe."