Nyota Mbele ya Jina

Kwa siku nne mkunga mstaafu alilitafuta jina la ukoo wao katika chumba cha nyaraka, na kila mara kompyuta ilimjibu vilevile: Mkwazera, mmoja. Huyo mmoja alikuwa baba yake, aliyelazwa hospitalini akiwa na miaka sita, mwaka wa homa kubwa. Alilelewa na watu baki, akaambiwa nduguze wote wamekwisha. "Ukoo wetu unaenea kwenye benchi moja," mzee alizoea kusema, wala hakuwa akitania.

Siku ya tano, mtunza nyaraka, mwanamume mnene aliyeitwa Miwani ingawa hakuvaa, alivuta kiti.

"Dada, wewe unaliandika jina mnavyolijua nyumbani. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Huyu r yake ni l, yule z yake ni s. Mgonjwa anatetemeka, karani ana haraka, jina litatoka salama hapo?"

Mkunga alicheka kwa aibu. Miaka thelathini na mitano alikuwa ameandika majina ya watoto kwenye daftari la wodi. Ni mara ngapi aliwauliza wazazi herufi?

Miwani alimweleza. Alama ya nyota hushika nafasi ya herufi zozote, hata pasipo na herufi. Alama ya kuuliza hushika nafasi ya herufi moja tu. "Bakisha zile usizozitilia shaka. Nyingine ziachie mlango wazi." Akaandika: *k?a?e?a.

Orodha ikashuka. Mukwazela. Nkwasera. Kuazera. Mkuasela. Kwazera. Watu thelathini na wanane, wengine wa juzi tu, mahali alipokuwa akimwona mmoja. Mkunga aliyasoma kwa sauti ya chini, na kila moja lilitoka mdomoni likiwa jina la nyumbani kwao.

Kwenye Nkwasera aliweka kidole. Msichana, miaka tisa, amelazwa siku ileile aliyolazwa baba yake, hospitali ileile. Miwani akaifungua picha ya daftari. Safu ya mwisho, wino umefifia: ametoka, amepona. Kwenye daftari la wodi ya wavulana, karani mwingine alikuwa ameandika karibu na jina la baba: hana ndugu.

"Walitenganishwa na ukuta," mkunga alisema. "Ukuta tu."

Miwani alikuwa amevua kofia, mwenyewe hajui.

Wakamfuata msichana yule daftari kwa daftari, wakilinganisha umri na hospitali aliyotokea. Chuo cha ualimu kilimwandika Mkuasela. Orodha ya walimu wastaafu ilimwandika Mukwazela, na orodha hiyo ilikuwa ya mwaka uliopita. Miwani akapiga simu ofisi ya walimu, akaacha ujumbe na namba ya mkunga.

Siku ya tatu baada ya ujumbe huo, simu ya mkunga ililia akiwa nyumbani kwa baba yake. Sauti ya bibi kizee, kavu, iliyozoea darasa.

"Nimpe shikamoo nani?" mkunga aliuliza.

"Marahaba. Nipe huyo anayesema ni mdogo wangu." Mzee alipopokea, bibi hakumsalimu. "Mama alikuwa akikuitaje?"

Mzee alifumba macho. Jina hilo hata bintiye hakuwahi kulisikia.

"Kichwangumu," alisema.

"Kwa nini?" bibi aliuliza, sauti imelegea.

"Nilikataa kunyolewa."

"Ndiye," bibi akawaambia watu waliokuwa naye, na nyuma yake vikasikika vishindo vya viti vingi vikisogezwa kwa pamoja.

Jumamosi walikwenda. Mzee aliposhuka garini alikuta ua umejaa watu, toka wenye mvi hadi wanaobebwa, na kwenye kila uso lile paji lake pana. Alisimama getini, mkono ukishika nguzo.

"Hawa wote?" alimuuliza bintiye polepole.

"Wengine wako kazini, baba."

Dada yake alikuwa ameanza kuja, akitembea na mkongojo, na watu wakampisha njia.