Sanduku Kwenye Kiti cha Stamena

Sapatu za mume wangu zilikuwa mlangoni kwa Stamena, jirani yetu wa chini, zimepangwa sambamba kama pacha waliolala. Kwangu Velko huzirusha, moja huku nyingine kule, kama mtu anayekimbia nyuki. Nikasimama pale kwenye ngazi na bakuli langu la pilipili za kuchoma, nikajiambia: mwanamume anayepanga sapatu kwa mjane ana lake jambo.

Nikaichukua ya kushoto, nikapanda nayo juu.

Jioni akarudi na soksi mguu mmoja, akakaa, akala supu yake ya maharage.

"Huo mguu una nini?"

"Umeona joto," akasema.

Mtu mwenye haki angeuliza sapatu yake iko wapi.

Siku hizo tulikaa Smolyan, kule milimani, katika jengo la zege ambalo nyumba zake zote zilitoka kalibu moja. Sebule ya Stamena ilikuwa chini ya yangu, dirisha chini ya dirisha, hata ufa wa dari ulikuwa pale pale. Alikuwa amemzika mumewe na bado alivaa nyeusi. Nyeusi ile, Mungu anisamehe, ilimkaa.

Majira ya kuchipua nilikuwa nimeweka sheria. Velko alikuwa na maspika makubwa kama makabati. Nikamlazimisha ayatoe, abaki na mawili madogo ya rafuni, kila moja kama mkate wa boflo. "Sanduku jingine likiingia humu, mimi natoka," nikamwambia. Akakubali upesi mno. Mume akikubali upesi, hesabu vijiko.

Ndipo dalili zikaanza. Nyusi zina vumbi la mbao. Kola inanuka gundi. Stamena, aliyezoea kununua nusu mkate, sasa ananunua mzima. Na kila alasiri, Velko akiwa eti kwenye sataranji, chini ya nyayo zangu kunanguruma kitu kizito, kama ng'ombe anayeota.

Kesho yake, baada ya ile sapatu, nikashuka kwa Stamena, sikubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi. Stamena alikuwa dirishani anafuma. Velko yuko sakafuni kwa magoti na viganja, makalio juu, anatambaa kando ya ukuta, sikio chini. Na kwenye kiti cha marehemu, kile kizuri, limekaa sanduku jeusi lenye jicho moja kubwa, linaunguruma.

"Velko!"

"Tulia mke wangu, nakaribia kona."

"Kona ya nani?"

Stamena akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mchukue, shoga! Wiki nzima ananitambalia zulia. Sanduku limekalia kiti, mimi natagia dirishani kama kuku."

Lilikuwa sabufa, spika la besi alilolichonga mwenyewe. Velko akanieleza akiwa bado amepiga magoti: unaliweka mahali atakapokaa msikilizaji, kisha unatambaa chumba kizima; pale utakaposikia besi imetulia, haivimbi wala haifi, ndipo sanduku litakapoishi. Na kwa kuwa sebule ya Stamena ndiyo sebule yangu, alitaka kupajua hapo kabla sijajua mimi.

"Kwa nini unifiche?"

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi sikiliza. Sabufa nzuri haijulikani ilipo. Utadhani yale madogo yamenenepa tu. Mji mzima huu hakuna sikio lenye shuku kama lako, Zlatka. Ukilinyoshea kidole, nalivunja leo leo. Usipoliona kwa sikio, linakaa, na wewe unakaa."

Wakalipandisha wawili, yeye na Stamena, wakalisukuma konani, chini ya meza ya cherehani. Nikaketi nimeitegea kona ile kama paka kwenye tundu la panya. Velko akaweka santuri ya zumari la kwetu, la mfuko wa ngozi ya mbuzi, lenye mlio wa chini usiokatika. Likatoka jembamba, lina kikohozi.

"Baba yangu angemnyima mvinyo huyu mpigaji," nikasema.

"Sanduku na yale madogo yanapingana. Moja linasukuma, jingine linavuta." Velko akageuza nyaya nyuma ya sanduku.

Mlio wa chini ukainuka. Ulisimama katikati ya yale maboflo mawili, mpana, kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Konani, kimya. Nikainuka, nikatega sikio mezani: kimya. Nikaweka kiganja juu ya mbao. Ilikuwa inatetemeka kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Mkono tu ndio uliojua.

"Inatoka wapi?" Velko akauliza. Uso wake haukuwa na damu.

Nikanyosha kidole kwenye yale madogo. Ndiyo haki ya Mungu.

Velko akakaa chini sakafuni, akajifuta uso. Nikageuka nimcheke na Stamena, nikamkuta machozi yanamtiririka. Alikuwa hatazami spika. Alikuwa anamtazama mume wangu.

"Imechanganyika vizuri," akasema polepole. "Huwezi kujua ipi ni ipi."

"Ndiyo, shoga," nikasema. "Huwezi."

Sanduku likakaa. Stamena nikamkaribisha kila Jumamosi, miaka yote ile, nikampa kahawa na kiti kilichogusana na changu, mahali ambapo mkono wangu unamfikia.