Mafuta ya Namba Tano

Kwao walimwita Pua, na jina lilimkaa sawasawa. Tangu utotoni alikuwa na uwezo wa kujua kuwa maziwa yamechacha jikoni naye bado yuko kitandani. Ukubwani pua hiyo ilimtesa kuliko kumsaidia, maana alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Kutwa nzima alishika kimrija cha kunyonyea mate huku ameinamia vinywa vya watu. Alivaa barakoa mbili, akapumua kwa mdomo, akavumilia.

Aliyemponza ni wifi yake.

Mke wa kaka yake alikuwa akitengeneza mafuta ya manukato nyumbani, kwenye chumba kidogo walichokuwa wakipigia pasi. Alikuwa na mizani ya kupimia vitu vyepesi, mitungi ya vioo, maganda ya matunda yaliyokaukia dirishani na mabunda ya mizizi ambayo hata yeye mwenyewe alishasahau ni ya nini. Kila wiki alimletea Pua vichupa vipya, kila kimoja kimebandikwa plasta yenye namba.

"Ngozi yako ni safi, wifi," alikuwa akimwambia. "Ya kwangu imeshashiba kila kitu. Na pua yangu ndiyo imekufa kabisa, nanusa kutwa nzima mpaka sisikii."

Masharti yalikuwa magumu. Tone moja kila mahali: viganja, viwiko, nyuma ya magoti. Hakuna kunawa mpaka jioni. Kisha Pua aandike kwenye daftari alichosikia mwanzoni, baada ya saa moja, na mwisho wa siku.

Na Pua aliandika uongo mtupu. Kulikuwa na mafuta yaliyonuka sabuni iliyosahaulika kwenye ndoo, yeye akaandika "yanatuliza." Kulikuwa na mengine matamu ya kukera, kama peremende iliyotafunwa ikatemwa, hayo akayaita "ya kuvutia." Kaka yake ndiye aliyemwomba. Kiwanda alichofanyia kazi mkewe kilikuwa kimefungwa, na mama wa watu alikaa miezi hana hamu ya kuoga wala kula mpaka aliposhika vichupa. "Sasa ameanza kucheka," kaka alimwambia. "Tafadhali usimvunje moyo." Basi Pua akawa anampaka wifi yake mafuta kwa mgongo wa chupa, wiki baada ya wiki, na wifi akawa anampaka yeye ya kweli.

Jumanne moja wifi alimkuta Pua mlangoni kwake, anatoka na mkoba begani kuelekea kazini. Wifi alikuwa na vichupa sita na macho yanayong'aa.

"Hii namba tano, wifi yangu, usiiguse tena baada ya kupaka. Hii ndiyo yenyewe. Nimeiweka miezi mitatu."

Akampaka kwenye kunjo la kiwiko cha mkono wa kulia, tone nono, akalisugua kwa kidole. Pua akanusa. Maua, na kitu kama nta ya mshumaa. Kwa mara ya kwanza aliona hatalazimika kusema uongo, akaenda zake kazini na roho nyeupe.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, na mashine ya kuchemshia vyombo ilikipasha joto kama bafu. Ilipofika saa nne, maua yalikuwa yameshaondoka na kilichokuwa kimejificha nyuma yao kikatoka. Kwanza ulikuja ukali wa mkojo wa zamani, ule wa kona ya ukuta isiyopigwa jua. Kisha kikafuata kikwapa, tena si cha mtu aliyefanya kazi, ni cha mtu aliyekataa kuoga. Na chini yake kulikuwa na mafuta ya nywele chafu, mazito, yanayonata kooni. Pua alimeza mate, akajuta kuyameza, kwa sababu nayo yalikuwa na ladha ile ile.

Daktari alisimamisha kazi. "Bomba limeziba tena?"

"Labda," alisema Pua, mkono ameubana ubavuni.

Daktari alifungua kifuniko cha maji machafu, akachungulia, akamimina dawa ya kuulia vijidudu nusu chupa. Harufu mbili zikakutana hewani zikaelewana. Pua alihisi chai ya asubuhi ikipanda.

Hapo ndipo alipoingia mwalimu wa hesabu. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, anayeongea kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Jino lake la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye fizi, shavu limeumuka. Daktari alimchoma sindano ya ganzi, wakasubiri, kisha kazi ikaanza. Pua hakuwa na njia ya kukwepa: ilimbidi ainame, mkono upite juu ya uso wa mwalimu, na lile kunjo likakaa shubiri moja kutoka puani kwake.

Mwalimu alifumba macho. Machozi yakamtoka. Mara akaguna, akainua mkono, na daktari akazima mashine.

"Nisameheni," alisema mwalimu, ulimi mzito kwa ganzi. "Najua mdomo wangu unanuka, lakini sikujua umefika hapa. Ndiyo maana nimechelewa kuja. Hata darasani nasimama mbali na wanafunzi."

"Usijali, mwalimu," daktari alimjibu kwa upole. "Sisi tumezoea."

Pua alisimama pale na kimrija mkononi, akamwangalia mtu mzima anaomba radhi kwa uvundo usio wake, na akanyamaza. Kile kinyaa alichokuwa nacho tangu saa nne kikamgeukia mwenyewe. Alijiona mchafu kuliko mafuta. Jino likang'olewa, pamba ikawekwa, mwalimu akainuka, akashukuru kwa kuinamisha kichwa, akatoka kiganja kikiwa mdomoni.

Alishuka ngazi tatu. Kwenye ya nne Pua akamfikia.

"Mwalimu! Haikuwa wewe. Ni mimi."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Unanionea huruma tu, dada."

"Sikuonei huruma. Nusa." Akapandisha mkono wa koti lake la kazi, akamnyooshea.

Mwalimu alisogeza pua, akaruka nyuma, nusura aporomoke ngazini. "Lo! Kuna kitu kimekufa humo?" Kisha akatulia, akamtazama. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe hata kidogo."

Alianza kucheka kwa nusu ya uso, nusu nyingine imelala, pamba ikichungulia mdomoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akashuka ngazi bila kiganja usoni.

Daktari alipoambiwa ukweli alimfungulia Pua dirisha, kisha mlango, kisha akampa ruhusa ya siku nzima. Pua alijisugua kwa sabuni, kwa spiriti, hata kwa dawa ya meno. Ngozi iliwaka nyekundu na harufu ikabaki pale pale, safari hii ikiwa na mnanaa. Akafunga safari hadi kwa kaka yake.

Wifi alikuwa mezani, anapima vitone. Pua hakukaa.

"Namba tano ina nini?"

"Umeipenda?"

"Wifi. Ina nini?"

Wifi akatabasamu kama anayefunua siri ya ukoo. Akavuta mtungi kutoka chini ya meza. Ndani, kwenye mafuta ya rangi ya chai iliyolala, kulikuwa na kishungi cha nywele ndefu kimejikunja.

"Ndevu za beberu. Maua peke yake hayakai mwilini, wifi, lazima mnyama ayashike."

"Beberu hujikojolea ndevu!" Pua alipiga kelele. "Akitaka jike hujikojolea ndevu! Umenipaka mkojo wa beberu nikainamie watu?"

"Nilizisuuza."

Pua alikimbilia bafuni, na safari hii chai haikurudi chini. Alipotoka alikuta kaka yake amefika, na wifi amemkabili mumewe. "Mwambie. Nyumba hii inanuka?"

Kaka alitazama sakafu. "Mke wangu, si nilikuambia harufu ya humu ni viatu vyangu?"

"Ndiyo."

"Si viatu."

Wifi akamgeukia Pua. "Na yale mengine yote? 'Yanatuliza', 'ya kuvutia'?"

Pua akasema. Alianza na ile sabuni ya kwenye ndoo, akaendelea mpaka akachoka, na kwa kila kichupa uso wa wifi ulizidi kukunjamana. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Mwaka mzima nimekaa humu najiona fundi," alisema hatimaye, "kumbe mnanivika kilemba cha ukoka. Mimi nimekupaka mkojo kwa kutojua, wifi. Ninyi mlikuwa mnajua. Ninyi ndio mnaonichefua."

Akamwamuru mumewe atoe mtungi. Kaka aliubeba mikono imenyooka mbele, shati amelivuta hadi puani, akaenda kuchimba shimo nyuma ya nyumba. Pua alirudi kwake bila kuagwa. Harufu ilimkaa mkononi siku nne, akalala mkono umetolewa nje ya shuka.

Wifi hakuzungumza naye wiki tatu. Ya nne alibisha hodi, ana kichupa kimoja tu. Hakusifu ngozi ya mtu. Alitaja kwanza vilivyomo, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vimeota ardhini. Pua akapaka, wakakaa wanaangaliana mpaka saa nzima ikapita.

"Haya, sema."

Pua alinusa, akajikaza. "Mkeka uliolowa."

Wifi alikunja uso, akafikiri. "Umelowa maji, au umelowa kitu kingine?"

"Maji."

"Aa," alisema wifi, akavuta kiti karibu. "Hapo basi kuna pa kuanzia."